Chonga wa Minazi na Gogo la Uani



Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya mdudu. Huenda baadhi ya akina mama wakastaajabu, maana safu hii imezoea mambo ya malezi, ndoa na ujirani. Tunaomba mtustahamilie. Mdudu huyu nusura avunje udugu wa nyumba moja tunayoijua, na sisi wenyewe nusura tumsaidie kuuvunja.

Tuliitwa kuwasuluhisha mawifi wawili katika kijiji kimoja cha Kwale. Mmoja ni mjane, na mwenzake ni dada wa marehemu mumewe. Shamba la minazi lililoachwa na mzee wao liligawanywa miaka 3 iliyopita. Fungu la marehemu sasa linaangaliwa na mjane kwa niaba ya watoto wake, na la pili ni la wifi yake. Baina ya mafungu hayo vilitiwa vigingi vya mpaka. Minazi ya wifi ikaendelea kunawiri, lakini minazi michanga ya mjane ikaanza kuharibika mmoja baada ya mwingine. Kila kuti jipya lilifunguka likiwa limekatwa pande zote mbili, mkato ulionyooka, uliolingana kulia na kushoto, kana kwamba mtu amepita usiku na mkasi mkubwa wa fundi cherehani. Minazi miwili ilikwisha kufa kileleni.

Mjane akamshuku mtoto wa wifi yake, kijana wa miaka 16, hodari wa kukwea. Kijana huyo alikuwa amesikika zaidi ya mara moja akisema kwamba vigingi vile vimempunja mama yake. Kwa mjane, ushahidi ulikuwa umetimia: sababu ipo, uwezo upo, na makuti yaliyokatwa yanaonekana kwa macho.

Tulipofika tulioneshwa kuti moja. Tukaligeuza, tukaupima mkato kwa vidole, kisha tukatamka neno ambalo hadi leo tunalijutia. Tulisema, "Hii ni kazi ya chuma." Kijana akakana. Mjane akataka aape kwa Msahafu mbele ya wazee. Mama yake akasimama akasema kwamba mwanawe akiapishwa, basi yeye hataukanyaga tena ua wa wifi yake mpaka siku atakapoingia kaburini. Msahafu ulikwisha kutolewa katika mfuko wake.

Hapo ndipo mzee mmoja mkwezi, aliyekuja kuangua nazi za jirani, alipoomba ruhusa apitishe waya kwanza. Alikuwa na waya mgumu uliopindwa ncha mfano wa ndoana. Akauendea mnazi mchanga uliokuwa mzima siku chache nyuma, akainama penye tako la makuti ya kati, akatuonesha tundu linaloweza kuingiza kidole gumba. Katika mdomo wa tundu zilining'inia nyuzi zilizotafunwa, zimelowa maji kama kumbi lililotoka kuvikwa. Akaingiza waya, akauzungusha, akavuta. Kilichotoka ni mdudu mkubwa mweusi, miguu ikipapatika, na juu ya kichwa chake pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma. Akamweka katika kiganja chetu.

"Shekhe," akasema, "mshukiwa ni huyu. Muapisheni."

Wenye minazi wengi humwita chonga. Wataalamu wa viumbe humwita Oryctes monoceros, na hilo jina la pili alipewa na Mfaransa Guillaume-Antoine Olivier mwaka 1789. Maneno yote mawili asili yake ni Kiyunani: la kwanza maana yake ni mchimbaji, na la pili ni mwenye pembe moja. Ni mmoja katika taifa kubwa la mbawakawa, ambao aina zao zilizokwisha kuandikwa ni takriban 400,000.

Tulimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, ingawa tangu utotoni tumemwona akijigonga kwenye taa za barazani nyakati za usiku. Urefu wake ni baina ya sentimita 3 na 5. Mgongo wake ni wa kahawia iliyokolea hadi kuwa nyeusi, unang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi, na chini ya tumbo ana wekundu na malaika ya manyoya. Kile tunachokiona kuwa mgongo si mgongo hasa. Ni mbawa mbili za mbele zilizokuwa ngumu kama vifuniko viwili vya kasha, zikakutana katikati kwa mstari ulionyooka. Chini ya vifuniko hivyo mna mbawa nyingine mbili, nyembamba kama karatasi laini, ndefu kuliko vifuniko vyenyewe, na kwa sababu hiyo hulazimika kukunjwa ndipo zienee. Anapotaka kuruka huinua vifuniko, akazikunjua zile za ndani, akaondoka kwa mvumo mzito.

Miguu yake ni 6, na ile ya mbele ni mipana, ina meno ubavuni mithili ya msumeno. Hiyo ndiyo miguu ya kuchimbia. Vipapasio vyake ni vifupi, na ncha ya kila kimoja ina vibamba 3 vyembamba vinavyoweza kufunguka kama kurasa za kitabu. Kwa vibamba hivyo hunusa, na kwa kunusa huupata mnazi, hulipata gogo lililooza, na huwapata wenzake gizani.

Pembe huwa ndefu zaidi kwa dume. Ya jike ni fupi, na ncha ya nyuma ya mwili wake ina manyoya mekundu yaliyosongamana. Watu wengi hudhani pembe ndiyo inayotoboa mnazi. Sivyo. Anayetafuna ni mataya yaliyofichika chini ya kichwa. Pembe humfaa kujikita na kujisukuma ndani ya njia nyembamba. Kwa mwanadamu hana sumu wala mwiba. Ukimshika utasikia tu mlio mdogo wa kukwaruza, na meno ya miguu yake yakikung'ang'ania ngozi.

Hapa panafaa tahadhari kidogo. Husemwa sana kwamba mbawakawa wa pembe hubeba mzigo wenye uzito mara 850 ya mwili wake. Mwaka 1996 mtaalamu wa Marekani, Rodger Kram, alichapisha matokeo ya kumpima mmoja wa jamaa za chonga kwa kumtwika mizigo mgongoni. Mdudu yule aliweza kutembea na mzigo mara 30 ya uzito wake, na uliomshinda karibu kabisa, akausogeza kwa taabu, ulikuwa mara 100. Hebu fikirini mtu wa kilo 60 akitembea na kilo 1,800 mabegani. Hilo linatosha kutustaajabisha bila ya kuongezewa. Ajabu ya kiumbe haihitaji nyongeza yetu, sawa na ushahidi usivyohitaji mapambo.

Sasa turudi kwenye ule mkato uliotudanganya. Mnazi hauna matawi. Una kilele kimoja tu, na ndani yake mna shaha, yaani moyo mlaini ambamo kila kuti, kila karara na kila nazi ya baadaye huanzia. Makuti machanga husimama katikati yakiwa yamefungwa na kukunjwa kama mwavuli. Chonga huja usiku, akajipenyeza makwapani mwa makuti, akachimba kuelekea katikati. Hali mbao. Hutafuna nyuzi ili apate utomvu wake, na makapi huyasukuma nje ya tundu. Njia yake hupita katika mikunjo ya kuti ambalo bado halijafunguka.

Kina mama wanaojua kuwatengenezea watoto mapambo ya karatasi wamekwisha kufahamu. Ukikunja karatasi mara kadhaa ukaikata pembe moja kwa mkasi, kisha ukaikunjua, utaona mikato mingi iliyolingana kulia na kushoto. Ndivyo lilivyo kuti la mnazi. Mdudu ametoboa tundu moja, lakini kuti linapofunguka hudhihirika umbo la pembetatu lililokatwa pande zote mbili kwa usawa ambao mkono wa mtu hauuwezi kirahisi. Tena kuti halifunguki siku ile ile. Hupita majuma kadhaa ndipo jeraha lionekane, na wakati huo aliyelifanya amekwisha kuhamia mnazi mwingine. Sisi tulikuwa tukitazama jeraha la zamani, huku tukimtafuta mtu wa usiku wa jana.

Mnazi mkubwa hustahimili majeraha kama hayo, ingawa mazao yake hupungua, maana karara hujeruhiwa kabla ya kutoka. Mnazi mchanga hauna ustahimilivu huo. Chonga akilifikia shaha, mti umekwisha. Hakuna chipukizi la pili litakalochukua nafasi. Hata asipolifikia, tundu aliloliacha huwa mlango wa kuoza na wa wadudu wengine. Kwa familia za Kwale na Kilifi hasara hiyo si ndogo. Mnazi ndio tui la jikoni, dafu la mgonjwa, fagio la ua, na makuti ambayo akina mama wengi huyashona wakapata karo ya watoto.

Mzee mkwezi hakuishia hapo. Aliuliza swali moja: "Gogo li wapi?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Mwisho mjane akanyosha kidole nyuma ya jiko lake. Marehemu mumewe, kabla ya kufariki, alikuwa ameukata mnazi mzee uliokufa, akaupasua vipande akikusudia kuvifanyia viti. Umri haukumwahi. Vipande vile vikabaki pale pale kando ya lundo la samadi ya ng'ombe, vikaota magugu, na hakuna aliyevigusa, labda kwa kuwa vilikuwa kumbukumbu ya mkono wake.

Kijana akapewa jembe. Pigo la kwanza likazama bila kishindo, maana ndani gogo lilikwisha kuwa laini kama pumba. Akalifungua, na hapo tukawaona: mabuu meupe, manene kama vidole, yamejikunja kila mmoja mfano wa herufi nuni. Kichwa kigumu cha rangi ya kahawia, miguu 6 midogo karibu na kichwa, ngozi nyembamba hata weusi wa chakula ukionekana tumboni, na ubavuni safu ya vidoa, ambavyo ni matundu ya kupumulia. Tulihesabu zaidi ya 30 katika gogo moja.

Jike la chonga halitagi juu ya mnazi ulio hai. Hutafuta kilichooza: gogo, kisiki, mnazi uliokufa ukiwa umesimama, lundo la samadi, vumbi la mbao. Mayai huanguliwa baada ya juma moja hadi mawili hivi. Buu hukaa humo miezi kadhaa, akila uozo na kujivua ngozi kila anapokua. Kisha hujitengenezea chumba, akatulia humo majuma matatu au manne, na umbo lake likageuka kabisa. Buu huyu hajaugusa mnazi wako hata mara moja. Ila anapotoka na pembe na mbawa, safari yake ya kwanza ni kuelekea kwenye kilele.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi watalipenda. Mbawakawa akishatoka chumbani mwake haongezeki tena hata kidogo. Mdogo hatakua, na mwenye pembe fupi hataipata ndefu. Kimo chake kilikwisha kukatwa alipokuwa buu. Katika nchi ya Japani, ambako watoto hufuga aina moja ya mbawakawa wa pembe majumbani mwao, inajulikana kwamba buu aliyelishwa vizuri hutoa dume lenye pembe kubwa, na aliyekosa lishe hutoa dume lenye pembe duni. Mwaka 2012 Douglas Emlen na wenzake walieleza katika jarida la Science namna inavyokuwa. Mwilini mwa buu kuna ujumbe unaofanana na ule wa insulini, neno ambalo jamaa za wagonjwa wa kisukari wanalijua. Sehemu inayoota pembe huusikia ujumbe huo kuliko sehemu nyingine za mwili. Walipouzuia usisikike vizuri, mbawa zilipungua kidogo sana, lakini pembe ilipungua mno. Kwa maneno mengine, pembe ni kumbukumbu ya utoto. Anayeitazama anasoma jinsi mwenyewe alivyolelewa.

Tumelifikiria jambo hili tangu siku ile, na hatukulifikiria kwa wadudu peke yao. Lile lililotoboa kilele cha minazi ya mjane lililelewa hatua 20 kutoka jikoni mwake, katika kitu kilichoachwa kwa sababu ya huzuni. Na lile lililokaribia kuutoboa udugu wa nyumba ile nalo lilikuwa na gogo lake. Kijana alikuwa na neno juu ya vigingi kwa muda wa miaka 3. Alilisema kisimani, akalisema dukani, akalisema kwa wenzake. Hakuna mtu mzima aliyemkalisha akamsikiliza, wala sisi tuliosimamia mgawanyo ule hatukurudi kuuliza kama kila mmoja ameridhika. Neno likalala, likaoza, na dhana ikanenepa ndani yake. Dini yetu imetutahadharisha sana na dhana, na sisi tunaoisomesha tahadhari hiyo ndio tulioshika kuti mkononi tukasema, "Hii ni kazi ya chuma."

Kwa wenye minazi, dawa ya kwanza ya chonga ni usafi wa shamba. Mnazi uliokufa usiachwe umesimama wala kulala. Ukatwe, upasuliwe, ukauke na kutumika au uchomwe. Visiki ving'olewe. Lundo la samadi lipinduliwe mara kwa mara, na mabuu yaokotwe. Kuku huwala kwa furaha kubwa. Minazi michanga itazamwe makwapani, na penye tundu bichi na nyuzi zilizotafunwa upitishwe waya. Baadhi ya wakulima hutia mchanga uliochanganywa na majivu katika makwapa ya makuti ili kumzuia mdudu asipenye. Ipo pia mitego inayotumia harufu ambayo dume huitoa kuwaita wenzake. Lakini mtego unaotegwa shambani penye magogo yaliyooza ni sawa na kuteka maji yanayovuja bila ya kuziba tundu.

Tena watoto wafundishwe kumtambua. Wasimfunge uzi na kumtesa kama tulivyofanya sisi utotoni. Aondolewe kwa haja, auawe upesi bila ya mchezo. Mwenye gogo ni sisi.

Msahafu ulirudishwa katika mfuko wake bila ya mtu kuapa. Tulimwomba kijana radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimhukumu, na tukamshukuru mzee mkwezi, ambaye alikataa malipo akaomba maji ya kunywa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, tulirudi na kamba tukaupima mpaka upya. Kigingi kimoja kilikuwa kimekosewa. Minazi 4 ikarudi upande wa wifi, na mjane ndiye aliyeking'oa kigingi kile kwa mkono wake.

Kabla hatujaondoka siku ile ya kwanza, kijana alikuwa bado anapasua magogo ya mjomba wake, kuku wakimzunguka. Mjane alimwendea na kikombe cha chai. Kijana akaweka jembe chini, akapokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

Mjane alisimama kitambo kabla ya kujibu. "Marahaba, mwanangu. Niwie radhi."

Kisha akamwomba kipande kimoja kilichobaki kigumu asikipasue. Kijana akakitoa pembeni, akakifuta udongo. Sasa ni kiti, kipo barazani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuoneshe magogo yetu kabla hayajazaa, na atuhifadhie udugu wetu. Wassalaam.